Kichwa Kinachouma Mvua Ikikaribia

SWALI: Daktari, kwa miaka 6 sasa kichwa huniuma kila hali ya hewa inapobadilika. Mvua ikikaribia, maumivu huanzia kisogoni, hupanda upande mmoja na kutua nyuma ya jicho, nikawa sivumilii mwanga wala kelele, na chakula hakipiti. Kazini wanasema nadeka. Siku hizi nikiona mawingu tu nameza parasetamoli mapema, lakini maumivu yamekuwa ya karibu kila siku. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana, na nianze kwa kukuhakikishia kwamba hudeki. Maumivu ya upande mmoja, yanayoambatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele, yanafanana sana na kipandauso, ugonjwa ambao shambulio lake lisipotibiwa huweza kudumu kwa muda wa saa 4 hadi 72. Wagonjwa wengi huitaja hali ya hewa kuwa kichochezi chao, hasa mgandamizo wa hewa unaposhuka kabla ya mvua au joto na unyevu vinapozidi. Tafiti, hata hivyo, hazikubaliani juu ya ukubwa wa athari hiyo, na mara nyingi anga huhitaji mwenzake: usingizi mchache, mlo uliorukwa, kiu, au siku za hedhi. Anga huiwezi, lakini hao wenzake unaweza kuwapunguza.

Kilichonishtua katika barua yako ni vile vidonge. Parasetamoli ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, yenyewe huweza kuwa chanzo cha maumivu. Kwa dawa zenye kodeini kiwango ni siku 10 tu. Unameza, nguvu ya dawa inaisha, kichwa kinauma tena, nawe unailaumu mvua ambayo hata haijanyesha. Dawa hiyo ni ya kutuliza maumivu yaliyokwisha kuanza, si kinga ya maumivu unayoyaogopa.

Kwa hiyo chukua daftari, na kwa miezi 2 andika tarehe, saa maumivu yalipoanza, anga ilivyokuwa, na kila kidonge ulichomeza, hata kile ulichopewa na jirani. Andika pia siku iliyotangulia ilikuwaje, kwa sababu wapo wanaopiga miayo mfululizo, wanaokakamaa shingo au kutamani vitu vitamu saa nyingi kabla ya kichwa kuuma, na wakisoma daftari lao hugundua kwamba shambulio lilikwisha kuanza kabla wingu la kwanza halijatokea.

Mpelekee daktari wako daftari hilo, naye akupangie namna ya kuacha vidonge, kwani siku za mwanzo maumivu huzidi kabla ya kupungua, na ndipo wengi hukata tamaa. Mwulize vilevile kuhusu dawa za kinga zinazomezwa kila siku, kama amitriptilini au propranololi, na kama una pumu mwambie mapema, maana propranololi haitakufaa.

Maumivu yakilipuka ghafla kuliko yote uliyowahi kuyapata, au yakija na homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, usiandike chochote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, mvua iwe inakuja au haiji.