Santuri mpya za jazi: uliza kanda, si uzito

Kaka, umeuliza kama santuri mpya ya gramu 180 inalia vizuri kuliko ya zamani. Uzito peke yake hauongezi utamu. Uliza mifereji yake ya sauti imekatwa kutoka wapi: kanda ya asili (utepe wa sumaku wa studio) au faili la kidijitali? Mfululizo wa Tone Poet wa kampuni ya rekodi ya Blue Note, ulioanza 2019, fundi Kevin Gray huukata kutoka kanda za analogi, si za kidijitali.

Na ya zamani si lazima iwe bora. Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis (1959), upande wa kwanza ulitoka ukikimbia kidogo, noti zikapanda juu kuliko zilivyopigwa. Marekebisho yalikuja miaka ya 1990!

Ila kwa vumbi letu hili la Dodoma, hasa kiangazi, anza na brashi na sindano nzuri. Santuri ghali itasubiri.