Programu Ikisema Jicho ni Zima

SWALI: Mimi ni mtabibu wa macho. Kliniki yetu imeletewa programu ya akili bandia inayosoma picha za retina (utando wa ndani, nyuma ya jicho) za wagonjwa wa kisukari na kutoa jibu papo hapo. Ikisema hakuna tatizo, je, naweza kumruhusu mgonjwa aende bila kumpima mimi mwenyewe?

JIBU: Chunguza kwanza programu hiyo imeidhinishwa kujibu swali gani. IDx-DR, programu ya aina hiyo ambayo Marekani iliiruhusu mwezi Aprili 2018 kutoa majibu bila daktari kuyapitia, hutafuta jambo moja tu, yaani kama retinopathi ya kisukari (uharibifu wa retina unaoletwa na kisukari) imevuka hatua ya awali. Haisemi lolote kuhusu presha ya jicho, wala kuhusu pembezoni mwa retina ambako kamera haikufika. Kwa hiyo mgonjwa anayeona vimulimuli, au kama pazia jeusi limemshukia mbele ya jicho, apanuliwe mboni na kupimwa kikamilifu siku hiyo hiyo, hata kama programu imempitisha. Huyo, kwa kweli, hakustahili kuwekwa kwenye foleni ya uchunguzi wa kawaida.

Katika utafiti uliotangulia idhini hiyo, programu iligundua takriban asilimia 87 ya wenye ugonjwa na kuwatambua kwa usahihi asilimia 91 ya wasio nao. Tuseme umepiga picha wagonjwa 1,000, na 100 kati yao wanaugua: itawanasa 87, itawakosa 13, na itawatilia shaka bure wengine zaidi ya 80. Ndiyo maana barua ya rufaa isitamke kwamba mtu ni mgonjwa, na aliyepita apewe tarehe ya kurudi.

Suala la picha, ambalo wauzaji hawapendi kulizungumzia, ndilo linalosumbua zaidi. Programu ya Google ilipotumika katika kliniki za Thailand, zaidi ya picha moja kati ya tano ilikataliwa kwa kukosa ubora, mara nyingine kwa sababu tu chumba hakikuwa na giza la kutosha. Picha iliyokataliwa usiihesabu kuwa jibu salama. Huenda ukungu unaouona ni mtoto wa jicho, na hiyo peke yake ni sababu ya rufaa.

Asiye na dalili, mwenye picha safi, aliyekwisha kupimwa uoni na presha ya jicho, mruhusu. Jicho lako likipingana na programu, andika maoni yote mawili kwenye faili, kisha umpeleke mgonjwa kwa daktari bingwa.