Neno "Protrude" Liliponikosesha Kazi

Juzi dada mmoja wa Shela, hapa Lamu, anayetaka kuongoza watalii aliniuliza: "Kaka, kujitokeza kwa Kiingereza si ni protrude?" Nilikuwa nimekaa barazani. Niliiweka simu chini kwanza.

Neno hilo hilo nililiandika kwenye barua ya kuomba kazi hotelini. Nilitaka kusema kwamba nilijitokeza kusafisha ufuo. Nikafungua kamusi, nikakuta protrude ni kutokeza, nikaandika "I protruded to clean the beach". Msimamizi aliisoma kwa sauti mbele ya waombaji wenzangu. Walicheka wote. Kazi sikupata, na aliyenieleza kosa langu hakuwapo. Nilirudi Mkomani kwa vichochoro vya nyuma nisikutane na mtu. Miaka imepita, bado inauma.

Kamusi haikukosea. Protrude ni kutokeza kwa kitu: jino, mfupa, msumari kwenye ubao wa dau. Katika magofu yetu, pale dari ilipoanguka na vipande vya boriti vikabaki ukutani, unawaambia wageni: "The poles protrude from the wall." Shika hiyo from, ndiyo inayoonyesha kitu kimetokeza wapi. Usiongeze out, maana kutoka nje kumo tayari ndani ya neno: kwa Kilatini pro ni mbele, trudere ni kusukuma. Intrude ni ndugu yake, huyo anasukuma kuingia ndani.

Sisi Waswahili kitenzi chetu kinabeba mengi. Jino linatokeza, na watu wanajitokeza kupiga kura. Mwingereza amezitenga maana hizo. Mtu aliyejitokeza kusaidia "came forward". Aliyejipambanua kwa ubora "stands out". Rasi ya Malindi yenye nguzo ya Vasco da Gama "juts out into the sea". Protrude hapo si kosa, ila jut ndilo lililozoeleka kwa nchi kavu inayoingia baharini.

Vijana wenzangu, najua sote tunataka kibali cha kuongoza watalii na wageni wazuri. Basi msinakili neno moja kutoka kamusini mkaondoka. Someni sentensi tatu zenye neno hilo, mtazame ni nani au ni nini kinachotenda. Na ukimwona mwenzako amekosea, mvute kando umweleze. Usimsomee mbele za watu.

Dada wa Shela amenitumia barua yake leo alfajiri. Ameandika "I came forward". Nimemwambia aipeleke.