Shangazi anajibu: Kabla hujanunua mapambo, fungua sanduku

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja, sikukuu zinakuja na watu wanataka nyumba ipendeze lakini siyo kwa vitu vya dukani tu, wanataka vile vitu vya nyumbani vyenye historia yao. Nimefurahi sana. Nimejibu nne, nyingine subirini toleo lijalo.

Shikamoo shangazi. Mama yetu alitutoka mwezi wa nne, sasa Krismasi hii ndugu wote wanakuja kwangu hapa Tanga maana ndiyo nyumba yenye nafasi. Nimebaki na sanduku lake, kuna kanga doti nyingi tu nyingine hata hazijakatwa, kuna vitambaa vya makochi alivyofuma mwenyewe, na picha za zamani nyeusi na nyeupe, mbili zimeng'ang'ania kioo cha fremu. Mdogo wangu anasema tununue taa na mapambo basi yaishe. Mimi nataka mama awepo sebuleni ila sitaki watu wakiingia waone kama bado tuko matangani. Nifanyeje? (Binti wa kwanza, Tanga)

Marahaba mwanangu, na pole sana, Krismasi ya kwanza bila mama ni nzito, msijilazimishe kuwa wachangamfu siku nzima.

Nianze na hilo la matanga kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Kinachofanya sebule ionekane ya msiba ni ile picha moja kubwa ya marehemu imewekwa katikati, imezungushiwa maua na mshumaa pembeni. Hiyo usiifanye. Tafuta picha ambazo mama yuko na watu, anacheka, anapika, amebeba mtoto wa jirani, halafu zitawanye kidogo kidogo, ile ya jikoni iweke karibu na mlango wa jikoni, ile aliyokaa na mashoga zake iweke pale wageni wanapokaa. Mtu anakutana naye huku na kule ndani ya nyumba kama alivyokuwa anakutana naye akiwa hai.

Sasa kanga. Usitundike zote, ukuta utageuka duka. Chagua mbili au tatu, na usichague kwa rangi, chagua kwa siku, ile aliyovaa harusi ya nani, ile aliyokubebea mtoto wako wa kwanza, au ile ambayo jina lake alikuwa analirudia mpaka mnamtania. Na hizo ambazo hazijakatwa ndiyo raha yenyewe, maana doti ni vipande viwili vinavyofanana, kata katikati, kimoja kikae ukutani na kingine ujifunge asubuhi ya Krismasi ukiwa unapika. Zinazobaki wagawie ndugu zako siku hiyo hiyo, kila mtu aondoke na chake, wanaume pia wapewe, wasije wakasema mama aliacha kanga kwa mabinti tu.

Namna ya kutundika, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo vitu vingi vinapoharibikia. Kwanza chukua kitambaa cheupe kilicholowa ukikandamize kwenye pindo, rangi ikitoka ujue hiyo kanga usiifue, ikung'ute tu na uianike kivulini. Isipotoa rangi ifue kwa mkono, maji baridi, sabuni laini, na usitie wanga hata kama unapenda ikae imenyooka, wanga unaita mende na wale wadudu wa fedha wanaokaa kwenye vitabu. Ikishakauka shonea kipande cha amerikani kwa nyuma upande wa juu, kiwe kama mfereji, upitishe fimbo ya pazia ndani yake. Uzito wote unabebwa na amerikani, kanga yenyewe haivutwi. Misumari hapana, selotepu hapana, ile gundi inaacha doa la njano ambalo halitoki tena. Ukitaka fremu ya kioo ni sawa ila mwambie fundi mapema kabisa asigundishe kanga kwenye ubao, wengi wana tabia ya kupaka gundi ya mbao nyuma ya kitambaa, mwambie aishone kwa sindano kwenye kitambaa kingine kilichovishwa ubaoni. Akikataa tafuta fundi mwingine.

Na usiweke ukuta unaopigwa na jua la mchana, wala ule unaotoa jasho mvua zikinyesha. Tanga hewa yake ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo fremu yoyote nyuma yake kwenye kona bandika vipande vidogo vya mbao au raba ili isilale ukutani, hewa ipite, la sivyo ukungu utaota huko nyuma na wewe huoni.

Picha zilizoshikana na kioo: usivute! Uso wa picha za zamani una jelatini, ikipata unyevu inalainika na kujigundisha kwenye kioo, ukivuta unabaki na karatasi mkononi na sura ya mama imebaki kwenye kioo. Acha hivyo hivyo, peleka na kioo chake kwa wanaoskani, waiweke kifudifudi, waskani kwa ubora wa juu, dpi 600 inatosha, halafu utundike nakala. Kwa kweli hata hizo nyingine ambazo ni nzima ningekushauri ukutani ziwe nakala, zile halisi ziingie kwenye bahasha za karatasi, kabatini juu mbali na sakafu. Na usikubali mtu akwambie uzipige lamineshen ili zidumu, hiyo haitolewi tena. Fundi akitengeneza fremu za nakala mwambie aweke ile kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, ndiyo inayozuia picha isiguse kioo.

Geuza picha uangalie mgongoni, studio nyingi za zamani zilikuwa zinagonga muhuri. Kama mama au bibi alipita Unguja unaweza kukuta alipiga Capital Art Studio, ile iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, au Mombasa kwenye studio ya Parekh, na hapo unapata habari ya safari ambayo labda hakuna aliyewahi kukusimulia. Siku ya Krismasi baada ya chakula weka nakala kadhaa mezani na penseli, waache wajomba na mama wadogo wabishane huyu ni nani na hii gari ya nani, wewe kazi yako ni kuandika nyuma. Fanya mwaka huu, usisubiri mwakani.

Vitambaa vya makochi virudishe kwenye makochi. Najua siku hizi watu wanaviona vya kizamani, wanavitia fremu kama vitu vya makumbusho, lakini mama alivifuma vikaliwe na migongo ya wageni, vioshe uvitandike.

Na mdogo wako mpe taa, usimnyime, naye anaomboleza kwa namna yake. Ila zisiguse kanga wala karatasi, anunue za LED maana zile balbu ndogo za zamani zinapata moto, na mkilala zizimwe. Kama kuna mkrismasi unachanua karibu na kwenu mkate matawi mawili matatu yenye yale maua mekundu muweke kwenye mtungi mlangoni, hayadumu sana ila ni mazuri mno.

Assalamu alaykum shangazi. Sisi twajitayarisha na Idi, na mume wangu hataki picha za watu ukutani kwa kuwa sebuleni ndipo tuswalipo. Namuunga mkono, lakini nataka watoto wamjue babu yao ambaye alikuwa akishona kofia za mkono hapa Mombasa mpaka macho yakamuisha nguvu. Nina kofia zake nne, na mkeka na kawa za nyanya. (Mama Wawili, Mombasa)

Waalaykum salaam mwanangu. Sasa wewe una utajiri mkubwa kuliko mwenye picha, maana kofia ya mkono ni saa za babu zilizoshonwa tundu kwa tundu, mtoto akiishika juani anaona mwanga unavyopita kwenye vile vitobo, hapo ndipo anapomjua babu yake.

Nyumba za mawe za zamani za Lamu na Mombasa zilikuwa na zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa chokaa, vyombo vya thamani vikapangwa humo. Mwambie seremala akutengenezee shubaka la mbao la namna hiyo, dogo tu, liwe na vyumba vinne, kila kofia chumba chake. Ndani ya kofia jaza karatasi ya shashi nyeupe isimame, usitie gazeti, wino wa gazeti unahamia kwenye kitambaa. Moja katika hizo nne isiwe ya kuangaliwa, mwanao mkubwa aivae asubuhi ya Idi akienda kuswali. Itachakaa, ndiyo, na mimi naona ni sawa ichakae kichwani mwa mjukuu.

Kawa zitundike juu ya meza ya chakula, na siku ya Idi zishuke zifunike sahani kweli kweli. Mkeka ukiona unatoa unga au una vitundu ufunge kwenye nailoni vizuri kabisa, uutie friza wiki mbili, kisha uuache urudi joto lake polepole ukiwa bado umefungwa. Wadudu hufa bila dawa, na ukindu haudhuriki. Picha ziweke kwenye albamu chumbani, zitoke baada ya biriani, watoto wakiwa wamekaa kitako. Na chetezo cha udi kisikae chini ya zile kofia, moshi wake una mafuta.

Shangazi, baba yangu alikuja Nairobi kutoka Lubumbashi na mchoro mmoja wa mamba muntu aliokuwa nao sebuleni kwake tangu miaka ya 70. Baba ametutoka, mchoro uko kwangu umekunjwa. Nilitaka kuutundika Desemba familia ikija lakini mke wangu amesema hilo ni jini na halikai na mti wa Krismasi. Tumenuniana wiki nzima. (Kaka wa Nairobi)

Kaka yangu, kwanza muelewe mkeo. Mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, nyoka mkononi, ukiikuta bila maelezo lazima ushtuke, na Wakongomani wenyewe walikuwa wanasimulia kwamba mamba muntu anatoa utajiri kwa masharti, kwa hiyo hajabuni kitu.

Lakini mweleze mchoro ulikotoka. Lubumbashi na miji ya migodi ya Katanga miaka ile ya 70, mfanyakazi akipata kipato kidogo alinunua mchoro kwa mchoraji wa mtaani, umechorwa kwenye kitambaa cha gunia la unga, akautundika sebuleni ili mgeni akikaa wapate cha kuongea. Pembeni ya mamba muntu ungekuta mchoro wa Colonie belge, yaani koloni la Wabelgiji, mtu analala chini anachapwa kiboko mbele ya askari na mzungu, au ungekuta Lumumba. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa 1947, alichora historia nzima ya nchi yake kwenye michoro kama mia moja hivi na kumsimulia mtafiti Johannes Fabian mmoja baada ya mwingine, kwa Kiswahili. Ile haikuwa mizimu ya kuabudiwa, watu walikuwa wanatunza maisha yao wasije wakasahau.

Hata hivyo mimi sitakwambia uutundike kwa nguvu. Nyumba ni ya wawili, na ukumbusho wa baba ukiletea ugomvi kila siku unageuka kero. Utundike kwenye chumba chako cha kazi au koridoni, na siku shangazi na baba zako wadogo wakija utoe sebuleni saa hizo za maongezi, mkeo asikie kwa masikio yake baba alikuwa anasema nini kuuhusu. Huenda moyo ukalainika, huenda usilainike, usimsukume.

La haraka zaidi ni hilo la kukunjwa, ukunjue leo! Rangi ya michoro ile ni nyembamba, kwenye mikunjo inabanduka kama maganda. Ulaze mahali bapa, usipige pasi, usipulizie vanishi. Ukilazimika kuuhifadhi uviringishe kwenye bomba pana, upande wa rangi uwe NJE siyo ndani, ufunike kwa shuka safi ya pamba.

Shangazi shikamoo, niko Columbus, Ohio. Nilipewa na marehemu babu kinyago cha ujamaa cha mpingo, hukaa karibu na mti wa Krismasi kila mwaka, sasa kimepasuka ufa kutoka chini hadi kwa yule mama wa katikati. Nimelia. Nimeambiwa nijaze gundi ya super glue na kupaka kiwi nyeusi. (Mjukuu, Ohio)

Marahaba mwanangu, usijaze na usipake. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na kinyago kile kimechongwa kwenye gogo moja, watu wote wale wamebebana mwilini mwa mti mmoja. Ulikua kwenye joto na unyevu, sasa wewe umeuweka kwenye nyumba ambayo hita inanguruma tangu Novemba na hewa imekauka, nje ya gogo inasinyaa kabla ya ndani, lazima ipasuke. Na nadhani mti wako wa Krismasi uko karibu na tundu la hita, kagua.

Kisogeze leo, weka kona ya ndani mbali na hita, mbali na dirisha la jua, na ukiweza nunua kile kimashine cha kuongeza unyevu chumbani na kipimo chake kidogo, unyevu ukikaa kwenye asilimia 45 hadi 50 mbao inatulia, na ngozi yako pia itashukuru. Ufa wenyewe mara nyingi hufunga kidogo majira ya joto ya huko yakija na unyevu wake, sasa ukiwa umeshajaza gundi ngumu mbao ikitaka kurudi haina pa kurudi, inapasukia pengine. Kiwi inaziba ile rangi ya kahawia iliyochanganyika na nyeusi, na wauzaji wengi wanaitumia kuficha mbao ambayo siyo mpingo, chako hakina cha kuficha. Kifute vumbi kwa brashi laini kavu basi.

Pima ufa kwa karatasi, weka alama ulipoishia na uandike tarehe. Ikifika Machi ukaona umeipita alama, nitumie picha tuangalie pamoja.