Ukitaka kuielewa interferoni, anza na RNA yenye nyuzi mbili

Katika kufundisha virolojia kwa wanafunzi wa maabara na utabibu, sentensi ninayokutana nayo mara nyingi zaidi kwenye karatasi za mitihani ni hii: "Interferoni huua virusi." Aliyeiandika huwa amesoma, tena pengine amekariri majina ya vimeng'enya vyote, lakini hajatenganisha hatua mbili zilizo tofauti kabisa. Interferoni, yaani protini ambayo seli iliyoingiwa na kirusi huitoa kuzitahadharisha seli nyingine, huiandaa seli; RNA ya kirusi yenye nyuzi mbili ndiyo huyaamsha maandalizi hayo. Ushauri wangu wote unatokana na tofauti hiyo.

Lisome jaribio lenyewe kabla ya kuutazama mchoro wa kitabuni. Mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakiwa Mill Hill jijini London, walichukua utando wa yai la kuku lenye kiinitete, wakauweka pamoja na virusi vya mafua vilivyokwisha kuharibiwa kwa joto, kisha wakayatia majimaji yaliyouzunguka kwenye utando mwingine mpya. Utando huo wa pili uligoma kuzalisha virusi hai, na kilichokuwamo katika majimaji hayo wakakiita interferoni. (Huko Japani, Nagano na Kojima walikuwa wameeleza jambo la kufanana na hilo mwaka 1954, na si haki kuwasahau kila mara.) Baadaye ikaonekana kwamba seli zikipewa kwanza aktinomaisini D, dawa inayozuia utengenezaji wa RNA kutokana na DNA, interferoni haifui dafu. Ukilitafakari hilo, utaona kwamba kinga haimo ndani ya majimaji yale, bali seli hulazimika kutengeneza kitu kipya.

Njia ya kutoka kwenye kipokezi hadi kwenye kiini cha seli huwapotezea wanafunzi muda mwingi kuliko inavyostahili. Inatosha kujua kwamba interferoni alfa au beta ikishika kipokezi chake, vimeng'enya JAK1 na TYK2 huzitia fosfati protini STAT1 na STAT2, nazo huungana na IRF9, zikaingia kwenye kiini na kuwasha mamia ya jeni. Katika mazao ya jeni hizo, mawili yanatuhusu hapa: PKR, kimeng'enya kinachotia fosfati protini nyingine, na vimeng'enya vya kundi la OAS. Hivyo hukaa kimya ndani ya seli, kama kuni zilizokwisha kupangwa mekoni zikingoja kiberiti. Kiberiti ni RNA ndefu yenye nyuzi mbili, ambayo ni adimu katika saitoplazimu ya seli yenye afya, lakini ambayo virusi vingi huizalisha vinapojinakili. Ndiyo maana seli jirani iliyopata interferoni bila kuingiwa na kirusi huendelea na usanisi wa protini zake.

Sasa tulia hapa, usiharakishe. Molekuli za PKR zikishika RNA hiyo hukutana mbilimbili, hutiana fosfati, kisha huitia fosfati eIF2, protini inayosaidia kuanzisha usanisi wa protini, kwenye serini (asidi amino) ya 51 ya kijisehemu chake cha alfa. Kwa kawaida eIF2, ikiwa imeshika GTP, molekuli ndogo yenye nishati, hupeleka kwenye ribosomu, mtambo wa seli wa kuunda protini, tRNA ya kwanza, ile iliyobeba asidi amino ya methionini. Kazi hiyo ikiisha, GTP huwa imegeuka kuwa GDP, na protini nyingine, eIF2B, ndiyo huiondoa GDP hiyo ili GTP nyingine ichukue nafasi yake. Lakini eIF2 iliyotiwa fosfati huing'ang'ania eIF2B na kuizuia isifanye kazi. Kwa kuwa eIF2B ni chache kuliko eIF2, sehemu tu ya eIF2 ikitiwa fosfati inatosha kudumaza usanisi wa protini nyingi, za kirusi na za seli yenyewe. Nikiuliza kwa nini si lazima eIF2 yote itiwe fosfati, jibu hunionyesha papo hapo nani ameelewa.

OAS hufika palepale kwa kupitia njia nyingine. Ikiamshwa na RNA ileile, huchukua ATP na kuunganisha adenosini kwa kifungo cha 2'-5', ilhali RNA ya kawaida hutumia kifungo cha 3'-5'. Mnyororo huo mfupi, unaoitwa 2-5A, ambao Ian Kerr na wenzake waliubainisha huko huko Mill Hill mwishoni mwa miaka ya 1970, huzikutanisha molekuli za RNase L, kimeng'enya cha kukata RNA, nazo huanza kukata RNA ya kirusi na hata ile ya ribosomu. Uchore kwa mkono wako. Kuutazama tu hakutoshi.

Baada ya hapo, jipime kwa kutumia hila za virusi vyenyewe, kwa sababu kila hila huonyesha hatua iliyolengwa. Protini E3 ya vaksinia, kirusi kilichotumika katika chanjo ya ndui, huificha RNA yenye nyuzi mbili, na K3, inayofanana na kipande cha eIF2, huihadaa PKR. Virusi vya herpesi simpleksi huita fosfatasi iondoe fosfati kwenye eIF2, na rotavirusi huvunja 2-5A. Adenovirusi nayo hutengeneza RNA fupi, VA I, inayoishika PKR bila kuiamsha. Swali ninalopenda kulitoa ni hili: adenovirusi iliyonyang'anywa VA I inaingia kwenye seli iliyokwisha kupewa interferoni, eleza kwa nini protini zake hazitengenezwi vya kutosha ingawa mRNA zake, yaani RNA zenye maelekezo ya kutengeneza protini, zipo. Jibu ninalolitafuta huanzia kwenye RNA yenye nyuzi mbili na kuishia kwenye eIF2B.