Kazi ya mteja wa siri Kisumu na masharti yake

Dadangu, umeuliza kama ukubali hiyo kazi ya mteja wa siri, yaani kujifanya mteja ili ukague huduma, kwa supamaketi hapo Kisumu mjini, eti upime foleni kwa dakika, ukariri majina ya makeshia wote, upige picha rafu na choo na usishtukiwe. Walai soja atakushika ukiwa bado kwa unga! Mimi ningewaambia picha sipigi, na jina ni la keshia alienihudumia tu, kwa kawaida liko kwa risiti. Ukiingia foleni jitumie meseji ndio saa ibaki kwa simu, saa ya kulipa pia iko kwa risiti, toa moja kwa nyingine upate dakika basi. Na hilo sharti lao la kununua pasi ya nguo halafu urudishe kesho yake, uliza kwanza nauli ya Kondele ya siku mbili nani analipa. Na wakitaka ada ya usajili kwa M-Pesa, achana nao kabisa.