Daktari Anajibu: Matiti Yaliyofura Tangu Kubalehe

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa miaka 22, fundi wa pikipiki hapa Kondele, Kisumu. Tangu nikiwa na miaka 14 matiti yangu yote mawili yamefura. Nilijiunga na jimu, kitambi kikaisha, lakini kifua kimebaki vilevile, na wenzangu wakivua fulana kucheza mpira mimi hubaki na jaketi. Kuna mtu wa jimu aliyeniuzia vidonge vya kujenga misuli ambavyo bado sijavimeza. Mama naye anasema chanzo ni kuku wa gredi. Je, huu ni ugonjwa, na upasuaji utanifaa? – Kijana wa Kondele

JIBU: Ndugu yangu, vidonge hivyo usivimeze. Baadhi ya vile vinavyouzwa kimyakimya huwa na steroidi, yaani homoni za kiume za kutengenezwa, na mwili ukizidishiwa homoni za kiume hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni, homoni ileile inayokuza matiti, hivyo utakuwa umelipia kile unachokikimbia.

Kila mwanamume ana tishu kidogo ya titi nyuma ya chuchu. Wakati wa kubalehe estrojeni huweza kuizidi testosteroni, homoni ya kiume, kwa muda, na ndiyo sababu wavulana wengi, hasa wa miaka 13 na 14, huota kifundo chenye maumivu ambacho aghalabu hunywea chenyewe kati ya miezi 6 na miaka 2. Chako hakikunywea. Tezi ya titi, yaani tishu hiyo iliyokua, ikikaa zaidi ya mwaka mmoja hujaa nyuzinyuzi ngumu ambazo mazoezi hayaziondoi, na hata tamoksifeni, dawa ambayo madaktari huitumia mara nyingine, hufaa zaidi mapema, tezi ikiwa ingali laini na inauma. Kuhusu kuku wa gredi, mweleze mama kwa upole kwamba hao hukua haraka kwa sababu ya uzao na chakula chao, na kwamba wewe ulianza kufura katika umri uleule ambao wavulana wengi hufura.

Ili ujue kama ni tezi au mafuta, lala chali, ubane titi kwa kidole gumba na cha shahada, kisha uvisogeze polepole kuelekea chuchu. Tezi huhisika kama kisahani kigumu chini ya chuchu, ilhali mafuta ni laini mpaka mwisho. Wengine huwa na vyote viwili.

Kabla ya kuzungumzia upasuaji, ni lazima chanzo kitafutwe, na hapa ndipo wengi huruka hatua. Daktari atakuuliza kuhusu pombe na dawa unazotumia, kwa maana spironolaktoni ya moyo na presha, simetidini ya vidonda vya tumbo na efavirenzi, iliyotumika sana nchini dhidi ya VVU kabla ya dawa mpya ya dolutegraviri, zote zinajulikana kukuza matiti. Atapima damu kuangalia homoni, ini, figo na tezi ya shingoni. Atakagua pia korodani, nawe usione haya, kwa sababu uvimbe wa korodani huweza kutoa homoni na kujitokeza kwanza kifuani. Saratani ya titi kwa wanaume ni nadra, takriban asilimia 1 ya saratani zote za matiti, lakini uvimbe mgumu wa upande mmoja ulio kando ya chuchu, damu inayotoka chuchuni au ngozi inayovutwa ndani havipaswi kusubiri hata wiki.

Vipimo vikiwa salama, upasuaji unafaa, na sikubaliani na wanaouita urembo, maana mtu anayeoga kwa kujificha kwa miaka minane ana haki ya kutibiwa. Mpasuaji hukata nusu duara pembezoni mwa sehemu nyeusi ya chuchu na kuitoa tezi, akiacha kipande chembamba chini ya chuchu ili isididimie. Mafuta hufyonzwa kwa mrija kupitia tundu dogo, na palipo na ngozi nyingi iliyolegea hulazimika kuikata, jambo linaloacha kovu refu zaidi. Baadaye utavaa fulana ya kubana kwa wiki 4 hadi 6, na kwa muda huohuo usinyanyue injini wala kucheza mpira. Damu au maji huweza kujikusanya ndani, chuchu huweza kufa ganzi, na pande mbili huenda zisilingane kabisa. Ikiwa katika ukoo wenu makovu huota na kuvimba, mwambie mpasuaji mapema.

Anzia kliniki ya upasuaji katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na kabla ya kupangiwa tarehe uulize kwa maandishi kama SHA, bima ya afya ya serikali, italipia, kwa kuwa bima nyingi husita panapotajwa matiti ya mwanamume. Barua ya daktari inayoeleza maumivu na matokeo ya vipimo husaidia. Omba pia tezi itakayotolewa ipelekwe maabara kuchunguzwa.